Bibi, Wanasema Nilikutoa Kafara

Mpendwa Bibi,

Kabla sijasema lolote, nikukumbushe unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na kichwa kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuzaliwa Mtinko, na nasema Mtinko kwa unyenyekevu tu, ili Singida nzima isinionee wivu. Kompyuta zikiniona zinajiwasha zenyewe. Simu iliyotumbukia kisimani nikiipulizia mara moja inaomba radhi na kuanza kuita. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walifika mwisho wa walichokuwa nacho, na mimi kichwani bado nilikuwa na nafasi. Hayo unayajua. Ulikuwa ukiwaambia wageni hata hawajakaa: "Huyu mume wangu ana akili nyingi sana, ila zimemwagika, hakuna wa kuzizoa."

Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wote wanalisema na hakuna anayeniambia usoni. Wanasema nilikutoa kafara. Kwamba kilichokuua siyo moyo, ni mimi. Kwamba nilijiunga na wale jamaa wa utajiri wa siri, nikaambiwa nichague mtu wa damu yangu, nikakuchagua wewe. Wao waseme, midomo ni yao. Ninachotaka kujua mimi ni kama na wewe uliondoka ukiamini hivyo. Hilo ndilo limenikalia kifuani, na wa kumuuliza ni wewe peke yako, na wewe hujibu tena.

Watakaosoma wasishangae kusikia uliniita mume. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mama, mkwe wako, alipoolewa tena Manyoni aliniacha mlangoni kwako pamoja na kuku mmoja, na tangu siku hiyo ulinitambulisha kwa watu kama mume wako wa pili, asiyeleta chochote nyumbani. Ulisema kuku alikuwa na faida zaidi. Mimi nilikuita mke wangu mkorofi. Asubuhi nilikupa shikamoo yako kama inavyotakiwa, ukaitikia marahaba, halafu matusi yakaanza, na hayo matusi ndiyo yaliyonikuza. Sikumbuki siku tuliyozungumza kwa adabu toka mwanzo hadi mwisho.

Sasa nianze na Neema, yule mwalimu wa kompyuta. Alifika kiangazi, alizeti zimeshavunwa na upepo wetu umeshaanza kutafuta mabati ya kung'oa. Alikuja na wenzake wawili, wote wanafunzi wa chuo huko Dodoma, wamekaa nyuma ya pikapu wameshikilia kompyuta kuukuu zilizofungwa mablanketi kama wagonjwa. Walikuwa watu wa kujitolea. Walitaka kuwafundisha kompyuta wasichana wa kituo cha ushonaji na kina mama wa mapishi, watu ambao hawajawahi kugusa mashine isiyo na sindano, na walisema hakuna atakayelipa. Meza yangu ya kutengeneza simu ilikuwa palepale nje ya kituo. Neema akauliza kama kuna mtu anayejua kushika bisibisi. Nilikuwa nimeshasimama kabla hajafika kwenye neno "bisibisi."

Jioni ile tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda. Nikakohoa kama mheshimiwa.

"Mke wangu, nimepewa cheo."

"Cheo gani?"

"Msaidizi wa mwalimu."

"Wewe? Uliyemkimbia mwalimu?" Ukalamba kidole taratibu. "Basi kesho nakuja. Nataka nikuone ukiaibika, nisihadithiwe."

Na ukaja kweli, umevaa kitenge cha kanisani, ukakaa mbele kabisa, ukawapita wasichana wanaoweza kuwa vitukuu vyako. Neema akafikiri umekuja kumleta mjukuu darasani. Ukamwambia, "Mjukuu ni huyo aliyeshika nyaya. Mwanafunzi ni mimi."

Naikumbuka ile siku ya kwanza kama niliyoirekodi. Neema alisimama akaeleza kwamba programu zilizomo kwenye hizi kompyuta ni huria. Ukanyoosha mkono.

"Huria kama soko huria?"

"Hapana, Bibi, huria nyingine."

"Maana hiyo ya soko tuliiona. Ilikuja ikakaa, bei za alizeti zikaondoka."

Darasa likacheka. Neema naye akacheka, halafu akafikiri kidogo, akachukua gauni lililokuwa mezani. Alisema programu za kawaida ni kama gauni unalonunua dukani. Umevaa, basi. Likikubana, shauri yako. Ila hizi ni kama fundi amekupa gauni pamoja na karatasi yake ya kukatia. Unaweza kulifumua uone lilivyoshonwa. Ukitaka kupunguza kiuno, unapunguza. Ukitaka kumpa jirani yako naye ashone lake, unampa, na la kwako linabaki palepale. Hakuna atakayekuita mwizi.

Wasichana wakaitikia kwa vichwa. Wewe ukauliza swali ambalo hadi leo nafikiri ndilo lililokuwa swali la kijiji kizima, ila wengine waliliuliza vibaya.

"Na huyo fundi anayegawa karatasi zake, yeye anapata nini?"

"Anafurahi tu, Bibi. Na wengine wakiiboresha, naye anafaidika."

Ukamgeukia mama aliyekaa jirani yako, ukamwambia jambo kwa Kinyaturu, watu wote wakaanguka kwa kicheko isipokuwa Neema. Aliniuliza baadaye ulisema nini. Nilimdanganya kwamba umemsifia nywele. Ulisema huyu binti mzuri, ila kwao lazima kuna mtu anayemficha ukweli.

Zile wiki zilikuwa nzuri. Naweza kusema hivyo, siyo? Ulikuwa ukikishika kile kipanya cha kompyuta kama umeshika yai la mtu mwingine. Ulichora jogoo kwa programu ya kuchorea, nikakwambia nimeona birika, ukanipiga kofi la kisogoni mbele ya wanafunzi wangu. Menyu zote zilikuwa kwa Kiswahili, lakini Kiswahili chenyewe cha watu wa pwani, na siku moja ukakwama mbele ya kitufe kilichoandikwa "Ghairi."

"Mume wangu, hili neno ni la kanisani?"

"Ghairi ni kubadili mawazo, Bibi. Umeanza jambo, ukaona hapana, unabonyeza hapo, linakuwa kama hukuanza."

Ukaitazama mashine kwa heshima, kwa mara ya kwanza. "Babu yako angekuwa na kitufe hiki, wewe usingezaliwa."

Halafu zikaja fulana.

Neema alizileta kutoka Dodoma, zawadi kwa kila mwanafunzi. Nyeusi, nzuri, kifuani kuna neno moja kubwa la Kizungu, FREE, na maneno mengine madogo chini yake, na katikati kichwa cha mnyama mwenye pembe na ndevu. Ni alama yao watu wa programu huria, huko zilikoanzia. Uliishika yako ukaigeuza.

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

"Siyo mbuzi, ni nyumbu."

"Nyumbu hana nyumbani? Kwa nini amekuja kukaa kifuani kwangu?" Ukaikunja, ukaenda kufunikia mtungi wa maji. Wewe una bahati. Mimi niliivaa siku hiyohiyo, nikaenda nayo mnadani.

Bibi, wewe unajua na kila mtu anajua. Hakuna nguzo ya umeme hapa nchini isiyowahi kubandikwa karatasi ya wale jamaa: piga namba hii uwe tajiri. Jina la chama chao linaanza na hilohilo neno la kwenye fulana yangu. Na watu wanasema masharti yao ni damu, unatoa ndugu ndiyo unapata gari. Mimi neno FREE nilikuwa nalijua, ni la bure. Sikuwaza kwamba mnadani kuna watu wanaolijua kwa upande mwingine. Nilikuwa sehemu ya kuku, nabishana na muuzaji, nikamwona Mama Grace, yule jirani yetu ambaye binti yake tulikuwa naye darasani, amesimama ananitazama kifua. Hakunitazama uso hata mara moja.

"Yusufu, hiyo nguo umepewa na nani?"

"Na mwalimu, mama. Hata Grace amepewa."

"Na hizo pembe?"

"Nyumbu hizo, mama."

"Nyumbu," alisema, kama mtu anayeonja chakula kilicholala. Akaondoka na kikapu kitupu.

Wiki hiyohiyo Neema akatoa kazi ya nyumbani, na hii kazi, masikini Neema, aliitoa kwa moyo mweupe kabisa. Kila mwanafunzi apewe nakala ya programu, aende nayo, awagawie watu wawili. Ndivyo programu huria zinavyotembea, mtu kwa mtu. Sasa jiweke wewe mahali pa mzazi wa kijijini. Mtoto wako anarudi nyumbani na fulana nyeusi ya pembe, anasema amepewa kitu cha bure na watu asiowajua, na ameambiwa na yeye atafute wawili. Hata ningekuwa mimi ningeficha panga.

Hapo ningeweza kulimaliza. Nilikuwa mwenyeji, natoka humuhumu, ningepita nyumba kwa nyumba nikaeleza. Badala yake nikaenda kijiweni kwa bodaboda, nimevaa fulana.

Athumani, unamjua, yule rafiki yangu wa pikipiki nyekundu, ndiye aliyeanza. "Oya, Yusufu, pete wameshakupa?"

"Pete ipo njiani. Inakuja pamoja na gari."

Wakacheka. Mmoja akasogea kidogo kwenye benchi, siyo sana, kiasi cha mtu kupisha upepo. Nikaona. Na mimi, badala ya kuogopa, nikapenda. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipisha.

"Na utamtoa nani?" akauliza Athumani.

"Masharti yanasema unayempenda kuliko wote."

"Basi ni bibi yako huyo!"

"Mimi nimetaja jina?"

Bibi, walicheka hadi mmoja akashuka kwenye pikipiki. Kesho yake nikaenda kununua pete ya jiwe jekundu kwa wale wanaouza vikorokoro mnadani. Ilinichafua kidole kikawa kijani kama mchicha. Wewe uliiona ukasema, "Vua hicho, utaoza mkono." Hukuuliza ni ya nini. Nilikuwa nikiivaa nikifika kona ya kwenda kituoni na kuivua nikikaribia nyumbani, na katikati ya sehemu hizo mbili nilikuwa mtu mkubwa. Watoto walikimbia. Bodaboda walinipeleka bure wakiogopa kunidai. Ilinoga, sitakudanganya.

Darasa likaanza kupukutika. Alianza Grace. Mama yake aliingia katikati ya somo, hakusalimia, akamshika mkono, akamtoa, na fulana ya Grace akaitupa pale mlangoni kama kitu kilichokufa. Wakafuata wawili, kisha watano. Neema aliomba kikao na wazazi. Alikuja na zile fulana, akaeleza herufi kwa herufi, akasema kwa Kizungu neno hilo ni la uhuru, na jina la wale jamaa ni jambo jingine kabisa. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Binti, kama ni mambo mawili tofauti, mbona jina moja?" Neema akaanza kuzikunja zile fulana. Nilikuwa nimesimama nyuma, mkono mfukoni, pete ikiwa mfukoni.

Wewe hukutoka. Asubuhi moja tuliingia tukakuta madawati matupu, Neema, mimi na wewe. Neema akasema, "Bibi, ukitaka kwenda nyumbani nitaelewa." Ukavuta kiti. "Wote tukiondoka, nani atamcheka msaidizi wako?" Ukawasha mashine mwenyewe. Siku hiyo uliandika jina lako lote kwa herufi kubwa, ukaomba niliongeze ukubwa, na tena niliongeze, hadi likajaa kioo, halafu ukakaa tu unalitazama.

Na kisimani ulinitetea. Nilikuja kuambiwa baadaye. Walipokunong'oneza ulisema kwa sauti, wote wasikie: "Yule? Yule akichinja kuku anafumba macho, na kuku anakimbia na shingo nusu. Huyo ndiye wa kutoa watu?" Naishikilia sana kauli hiyo, Bibi. Nikiamka naishika kwanza yenyewe. Maana wakati ule ulikuwa bado hujaamini.

Halafu miguu yako ikaanza kuvimba. Ukawa unapumzika mara nyingi kati ya jikoni na mlangoni, ukisema nyumba imekuwa ndefu. Siku uliposhindwa kusimama nilikimbia kwa Athumani akupeleke mjini. Athumani aliniangalia, akaangalia pikipiki yake, akasema tairi ina pancha. Tairi nililiona, Bibi. Lilikuwa limejaa kama tumbo la mbunge. Neema ndiye aliyetafuta gari, akakushika mkono njia nzima hadi Singida mjini.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umechoka siku nyingi kabla ya kompyuta yoyote kufika. Aliniambia mimi, na mimi niliwaambia watu, na watu walisema, "Ndivyo wanavyosema siku zote." Nilikuwa nalala Utemini, hapohapo mjini, kwa fundi aliyenifundisha simu, mchana nakuja kwako na chupa ya uji. Watu wa nyumbani nao walikuwa wanakuja kukuona. Walinyamaza nikiingia.

Ulipofariki, Baba Mdogo alinivuta nyuma ya ghala. Alikuwa ananusa ugoro na hawezi kunitazama. "Usishike jeneza," alisema. "Siyo mimi, ni watu. Wamesema ukishika wewe, wao hawashiki. Sasa nitafanyaje, mwanangu, nimbebe mama yangu peke yangu?" Sikushika. Nilitembea nyuma, nyuma ya wanawake, nyuma ya watoto. Zamu ya kutupa udongo ilipofika, nilipoinama kuchota, watu wakarudi hatua, wote kwa pamoja, kama nimeinama kuokota jiwe. Katekista peke yake ndiye aliyebaki alipo. Hata sauti ya udongo wangu ukianguka niliisikia.

Baada ya msiba mtendaji wa kijiji alimwita Neema, akamwambia afunge vitu vyake kwa usalama wake mwenyewe. Alisema kwa heshima, hata soda alimpa. Tulizifunga zile kompyuta mimi na Neema, tukazirudisha kwenye mablanketi yaleyale. Wenzake wawili walishaondoka. Hakuwa analia. Alikaa juu ya ukingo wa pikapu akasema, "Yusufu, nilikuja hapa na neno moja tu la kuwafundisha watu, na hilo moja nimeshindwa kulitafsiri." Nikamwambia kosa siyo lake. Akasema, "Basi ni la nani?" Hakuwa ananituhumu, alikuwa anauliza tu, kama mwalimu. Nikasema upepo leo mkali, tuifunge hiyo kamba vizuri.

Kompyuta moja kioo chake kilikuwa na ufa, akaniachia. Ndiyo ninayoandikia. Ndani yake bado yumo jogoo wako, na jina lako linalojaa kioo.

Nyumba ipo. Kuku wapo, wanazidi kuzaa kwa sababu hakuna anayekuja kula hapa. Meza yangu ya simu nimeirudisha ndani, wateja hawaji. Msimu huu alizeti nilipanda peke yangu na nitavuna peke yangu, Baba Mdogo anapita mbali na njia ya shamba. Pete niliitupa chooni, lakini hakuna aliyeniona nikiitupa, kwa hiyo kijijini bado ninayo.

Unataka kujua nani anayenitembelea? Alikuja mwanaume mmoja kutoka Mgori, ameendesha baiskeli njia yote hiyo. Akasalimia vizuri, akakaa pale unapokaa wewe, akazungusha maneno, halafu akasema amesikia habari zangu na anaomba nimuunganishe na wakubwa. Nikamwambia wakubwa gani. Akashusha sauti. "Mimi masharti nayaweza, bwana mdogo. Nina shangazi." Nilichukua mwiko nikamfukuza nao hadi barabarani, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Majirani walitoka kutazama. Wakaona mtu anakimbia kutoka kwangu, wakarudi ndani, wakafunga milango.

Nimewalaumu wote, Bibi, kwa zamu. Nimemlaumu aliyechora yule nyumbu na Mzungu aliyeamua neno moja litumike kwa mambo mawili. Neema nimemlaumu kwa kazi yake ya nyumbani, Mama Grace kwa macho yake, Athumani kwa tairi lake. Hata lile la kijiweni nimejisamehe, kwa sababu ulikuwa utani, na kila aliyekuwepo alijua ni utani, angalau siku ile. Hayo yote yaliharibika, ndiyo. Ila siyo hayo yanayonikosesha pumzi.

Ni ule mchana wa mwisho hospitalini. Nilifika na chupa ya uji, nikamkuta Mama Grace ameketi pembeni mwa kitanda chako, ameinama sikioni. Aliponiona akanyanyuka. Nikampa shikamoo, akapita bila kuitikia. Nikakumiminia uji kwenye kikombe. Wewe ulikuwa unatazama mikono yangu.

"Yusufu," ulisema.

Hukuniita mume wangu. Nilisikia, na nikafikiri ni pumzi tu, umechagua jina kwa sababu ni fupi.

"Hayo wanayoyasema. Ni kweli?"

"Yapi, Bibi?"

"Kwamba umenitoa."

Ulikuwa huchezi. Sasa naiona sura yako ile na najua ulikuwa huchezi. Ulikuwa mtu mzima anayemuuliza mtu mzima mwenzake. Na mimi nikacheka. Nikasema, "Wewe? Ulivyokonda hivi? Wale wangekurudisha siku hiyohiyo wakasema nilete aliyenona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Wewe ulisema, "Haya."

Nikakupa kikombe. Ukasema, "Weka hapo." Nikakiweka. Nikakaa nikakusimulia habari za kuku, nani ametaga, nani ameibiwa na kicheche, hadi nesi akatutoa wageni. Uji ulikuwa palepale, umeshafanya utando juu. Labda hukuwa na hamu ya kula. Nesi alisema wagonjwa wa moyo huwa hawana. Alfajiri ukafariki.

Uliniuliza mara moja tu kwa kweli, ukaniita kwa jina langu ili nijue kwamba siyo mchezo, na jibu lilikuwa neno moja. Hapana. Mimi ninayejua maneno yote, hilo sikulisema.

Lala salama, Bibi.

Mjukuu wako,
Yusufu